Santuri ya Mannenberg

Huenda, ndugu msomaji, ukastaajabu kuiona santuri ya muziki ikitajwa katika kurasa hizi, na tena na mimi. Maulamaa wamekhitalifiana tangu zamani juu ya ala za muziki. Rai yangu wanafunzi wangu waijua, na leo sikuja kuibadilisha. Nimekuja kuipima kazi ya Muislamu mwenzetu iliyowatumikia waliodhulumiwa.

Abdullah Ibrahim alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akajulikana kwa jina la Dollar Brand, kisha akasilimu mwaka 1968. Mwaka 1974, mjini kwao, alipiga piano pamoja na wenziwe, wakiwemo Basil Coetzee na Robbie Jansen wapulizao saksafoni, ikatoka santuri iitwayo Mannenberg. Aliyeitoa ni Rashid Vally wa Johannesburg, na chapa yake aliipa jina la As-Shams. Jina la sura ya Qur'ani, katika nchi ya Makaburu!

Nchi ile ilikuwa na sheria, tangu mwaka 1950, ya kuwagawia watu mitaa kwa rangi za ngozi zao. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kuwa District Six, mtaa wa kale wa Cape Town, ni wa wazungu peke yao. Watu wapatao 60,000 wakahamishwa na majumba yakabomolewa. Misikiti ikaachwa imesimama pasi na majirani. Wenyewe wakapelekwa mbali, katika uwanda wa mchanga, na mmoja katika mitaa iliyojengwa huko ndio Manenberg.

Sasa tazama alichofanya bwana huyu. Mwingine angeliomboleza magofu ya District Six, na nani angemlaumu? Yeye alichukua jina la kule walikotupwa watu, akaliweka juu ya muziki wa furaha, wenye mipigo waliyoizoea majumbani mwao. Walioambiwa kuwa hapo si mahali pa mtu wakapasikia pakitajwa kwa heshima. Miaka ya 1980 Coetzee na Jansen wakawa wanaupiga katika mikutano ya kupinga ubaguzi, na umma ukauitikia kama wimbo wa taifa lao.

Nao karibu hauna maneno. Huo ndio uhodari wake, maana askari mpekuzi atakamata nini ndani ya saksafoni? Na ndiyo kasoro yake pia. Sauti isiyo na maneno haimzuii dhalimu naye kuicheza nyumbani kwake, asijue kuwa yeye ndiye anayesemwa.

Imamu Abdullah Haron wa msikiti wa Claremont, papo hapo Cape Town, aliyasema maneno. Alikamatwa Mei 1969, akafa kizuizini baada ya siku 123. Polisi walidai ameanguka ngazini. Hata Oktoba 2023 ndipo mahakama ilipoamua kuwa alikufa kwa mateso yao. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ukiniuliza nichague, nachagua mimbari. Ila sithubutu kuwalaumu vijana waliomfuata mpiga piano. Mwaka ule alipokufa imamu mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, ndio kwanza naanza juzuu, na katika miaka yangu yote ya kusoma sikulisikia jina lake kwa mwalimu hata mmoja. La mpiga piano nilikuwa nalijua.