Sikio la Bibi Kizee

Msukuma aliyekulia kijijini anamjua Shing'weng'we. Ni zimwi lililomeza watu wote duniani pamoja na mifugo yao, likabakiza mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, anauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: mama, mbona tuko wawili tu? Akishajibiwa, anaanza kuwinda. Anaua panzi, anarudi nyumbani akiimba kwamba zimwi limekwisha. Mama anamwambia huyu ni panzi tu, mwanangu, tumchome tule. Anaua ndege, anaua paa, jibu ni lile lile. Mwishowe analikuta zimwi lenyewe, analiua, analipasua, watu wanatoka, baba yake akiwemo. Wanamfanya mtemi wa dunia nzima.

Ngano hii imezoeleka kama hadithi ya shujaa. Wapo waliomfananisha Masala na Yesu, na si vibaya. Mimi naisoma kama hadithi ya kutisha, tena moja ya zile fupi bora kabisa tulizo nazo, kwa sababu ya kitu kidogo ambacho ni rahisi kukipita mbio. Wakati wa kulipasua zimwi, kisu cha Masala kinakata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi anakasirika, anamtukana kijana, anajaribu kumroga. Anashindwa, maana Masala ana marafiki wengi wanaomlinda. Halafu Masala anatafuta dawa, anamponya.

Yaani mtu katolewa tumboni mwa zimwi, na badala ya kushukuru anagombana! Watoto hucheka hapo, na wana haki. Lakini hebu angalia ngano inavyopanga mambo. Haikatai kwamba bibi anaweza kuroga. Ila haisahau kwamba kisu kilitangulia. Bibi ana hasira kwa sababu amekatwa, na aliyemkata ndiye anayekwenda kutafuta dawa, ingawa ana walinzi, ana sifa, na hakuna ambaye angemuuliza kama angeamua kummaliza.

Sasa isome hiyo ukiwa huku Samuye, Shinyanga. Mtafiti Simeon Mesaki ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa 2,286, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani. Ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi macho mekundu. Macho ya mtu aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi ya ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha. Baadaye, kuanzia 2007 hivi, zikaja habari za watu wenye ualbino kuuawa ili viungo vyao vilete bahati, wachimbaji wa dhahabu na wavuvi wakitajwa miongoni mwa wateja. Kwa hiyo huku kwetu hadithi ya kutisha si ya kujipumbaza tu kabla ya kulala. Msomaji anaweza kuifunga, akatoka nje, akamwona jirani yake.

Ndiyo maana namrudia sana Edgar Allan Poe, hasa "The Tell-Tale Heart" ya 1843. Kijana anamuua mzee anayeishi naye. Anakiri mwenyewe kwamba mzee hakumkosea kitu, na wala dhahabu yake hakuitaka. Tatizo ni jicho. Mzee ana jicho moja lenye utando, na kijana hawezi kulivumilia. Usiku saba anamchungulia kwa taa, usiku wa nane anamuua na kumfukia chini ya mbao za sakafu. Poe hajaweka jini wala mchawi humo. Kinachotisha ni yule anayetazama, na namna anavyotueleza kwa utulivu kwamba ana akili timamu. Sijui hadithi ya kigeni inayotuhusu kuliko hiyo, na mwandishi hakuwahi kufika Afrika.

H. P. Lovecraft, anayetukuzwa zaidi na wapenzi wa fani hii, simuweki hapo. Anajua kujenga giza, hilo nampa. Lakini katika "The Horror at Red Hook" ya 1927 hofu yake anawatwika wahamiaji wa mtaa wa Brooklyn, na ukikwaruza kidogo unakuta chuki ya kawaida tu.

Ugonjwa huo tunao. Chukua zile hadithi za vipande vipande za magazeti pendwa, ambazo siku hizi zinasambaa WhatsApp. Waandishi wake wanajua kukata pale pumzi inapobana, na "itaendelea" yao inauma kweli. Ila mchawi ni nani? Bibi. Juzi bibi, jana bibi, keshokutwa bibi mwenye ungo na misukule shambani. Kama hadithi, ni uvivu: msomaji ameshajua ukurasa wa kwanza. Na kwa msomaji wa huku, ni kumthibitishia kile ambacho mwenye panga alishakiamini.

Said Ahmed Mohamed aligeuza kibao katika *Babu Alipofufuka* (2001). Ni riwaya, lakini inafaa hapa. Mzee anatoka kaburini kumfuata mjukuu wake K, mkubwa serikalini anayeishi kwa anasa, na kumpitisha katika nchi aliyoshiriki kuiharibu. Mzee anatisha, ndiyo. Anamtisha anayestahili.

Bado ninaisubiri hadithi fupi moja. Ianzie tumboni mwa Shing'weng'we, gizani, watu wamebanana na ng'ombe, isimuliwe na yule bibi, kabla ncha ya kisu haijatokeza.