Kobe wa Voi Halazwi kwenye Friji

Wafugaji wengi wa kobe Ulaya wana utaratibu unaomshtua anayeusikia mara ya kwanza: majira ya baridi yakifika, kobe huwekwa kwenye friji na kulala humo kwa majuma kadhaa. Kwa kobe wa nchi za Mediterania, kama Testudo hermanni, utaratibu huo ukifuatwa vizuri humfaa. Kwa kobe wa kaunti ya Taita Taveta, Kenya, unaua.

Tuanze na tumbo, maana hapo ndipo ufundi wote ulipo. Kwa majuma mawili hadi manne kabla ya kumlaza, mfugaji humkatisha kobe chakula, lakini huendelea kumwogesha kwenye maji vuguvugu yasiyopita kidevu. Kobe hana joto lake mwenyewe. Chakula husagika kwa kutegemea joto la nje. Majani yanayobaki tumboni baada ya mwili kupoa hayasagiki tena, huoza, na uozo huo unaweza kumwua usingizini. Maji ya kuogea naye huyanywa, kibofu kikajaa akiba. Kisha hupimwa uzito na friji huwekwa karibu na nyuzijoto 5. Joto likipita 10, mwili huamka nusu na kuchoma mafuta yake bila chakula cha kuyarudisha. Likishuka chini ya sifuri, macho yanaweza kuganda akaamka kipofu. Mlango hufunguliwa mara kwa mara apate hewa, na mizani haikai mbali: akipungua karibu asilimia 10, au akikojoa, huamshwa, kwa kuwa akiba ya maji imekwisha.

Tena mfugaji makini hamlazi kobe aliyempata majuzi bila daktari wa mifugo kumkagua. Kobe mgonjwa au aliyekonda huenda asiamke.

Sasa ulete utaratibu huo Voi, mji wa kaunti hiyo. Kobe wa nyika ya Tsavo, yule mwenye gamba la manjano na madoa meusi, Stigmochelys pardalis, hakuumbiwa usingizi wa baridi. Hata Julai, usiku wa Voi haukaribii nyuzijoto 5. Ukimnyima chakula na kumfungia stoo yenye giza na nyuzijoto 20, huyo hajalala. Ana njaa, na mwili wake unajila wenyewe.

Msimu wake mgumu ni kiangazi, takriban Juni hadi Oktoba, nyasi zinapokauka. Hupunguza mwendo, hujibanza chini ya kichaka au kwenye shimo lililoachwa na mnyama mwingine, akatoka jua likiwa bado pole. Hapo maji ya kibofuni ndiyo uhai wake. Mwinue ghafla uone: mkojo unamwagika mpaka miguuni mwako. Mtu hudhani ni uchafu tu, kumbe amemwaga akiba ambayo huenda isipatikane tena mpaka mvua za Novemba. Kwa anayemtunza kihalali, maandalizi ya msimu huo ni kivuli, nyasi kavu za kutosha, na sahani pana ya maji ambayo kobe anaweza kuingia na kutoka bila kusaidiwa.

Baridi ya kuogopwa katika kaunti hii iko milimani. Kobe wa tambarare akipelekwa Wundanyi, ukungu wa Julai na sakafu yenye unyevu humletea ugonjwa wa mapafu. Utamwona akitoa mapovu puani na kupumua kinywa wazi. Huko anahitaji banda kavu lenye joto na kuota jua kila linapotoka, na chakula asikatishwe.

Nimesema kihalali kwa makusudi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kuokota kobe porini na kumfuga bila kibali, na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wako hapo hapo Voi, kwenye makao ya Tsavo Mashariki. Ukimkuta akikatiza barabara, mshike kwa mikono miwili pembeni mwa gamba, umbebe polepole karibu na ardhi, na umweke upande aliokuwa akielekea.