Jinsi ya kuijua kazi nzuri ya greda

Barabara iliyopitiwa na greda usiihukumu siku ile ile. Kila barabara ya udongo hupendeza jioni mashine inapoondoka: nyekundu, laini, haina shimo hata moja. Bukavu mvua zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Anayepokea kazi Agosti na kutia saini kwa sababu gari lake halikuruka amepokea vumbi lililotandazwa. Greda hupimwa kwa maji. Ngoja mvua ya kwanza kubwa, vaa buti, uende kwa miguu.

Kama huwezi kungoja, kuna kipimo cha mikono. Tafuta ubao ulionyooka wa mita 3 na pimamaji ya mwashi. Weka ncha moja ya ubao katikati ya barabara, nyingine uielekeze ukingoni, uiinue mpaka tone la hewa litulie katikati. Sasa, kwenye ncha hiyo ya ukingoni, pima nafasi iliyobaki kati ya ubao na udongo. Kazi nzuri inakupa sentimita 12 hadi 15. Ukipata 5, maji yatalala barabarani na mashimo yatarudi kabla ya Krismasi. Ukipata 25, mgongo umezidi: malori yataogopa kuteleza kwenda mtaroni, yote yatapita katikati, na magurudumu yatachimba mifereji miwili juu ya mgongo wenyewe. Pima kila baada ya hatua mia, maana mwendeshaji hodari kwenye tambarare anaweza kupotea mlimani.

Na mlimani kanuni inageuka. Kwenye makorongo ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, barabara ya Uvira imeng'ang'ania ubavu wa mlima na bonde liko wazi upande wa pili. Pale sitaki kuona mgongo katikati. Nataka barabara nzima iinamie mlima, ili lori lililobeba saruji likiteleza liangukie mtaro wa ndani badala ya bonde, na maji yakusanyike kwenye mtaro huo, kisha yavushwe chini ya barabara kwa kalavati. Mwendeshaji anayeacha mgongo wa tambarare kwenye kona ya Ngomo hajaijua kazi, hata kama udongo wake unang'aa.

Kosa baya kuliko yote, na ndilo linalosifiwa zaidi, ni tuta la pembeni. Bledi ikivuta udongo kwenda ukingoni huacha mstari mrefu uliopangika vizuri, na wengi huuona kama urembo. Ni ukuta. Sentimita 5 za udongo kati ya barabara na mtaro zinatosha kuyazuia maji yasitoke. Yanaanza kukimbia kwa urefu wa barabara, na kwenye udongo wetu mwekundu mteremko mmoja unaweza kuchanika kwa mvua chache tu. Udongo ule ulipaswa kurudishwa katikati, au uondolewe kabisa. Ukiona tuta, kataa kazi papo hapo.

Baadaye tafuta mahali palipokuwa na mashimo. Wenye maduka ya kandokando watakuonyesha bila kukosea. Chomeka ncha ya panga. Ikizama kama kwenye unga, shimo lilijazwa tu, halikutibiwa. Anayejua kazi hushusha meno ya nyuma ya greda, huupasua udongo mpaka chini ya kina cha shimo, huuchanganya, huutandaza upya, kisha rola hupita. Yote hayo udongo ukiwa na unyevu wake: ufinye kiganjani, ushikamane bila kutoa maji. Udongo mkavu wa Julai haushikani hata ukiupitia rola mara kumi, ndiyo maana gari la maji lisipoonekana kwenye kazi ya kiangazi mimi naanza kushuku.

Mwendo nao unaacha ushahidi. Greda inafanya kazi kwa kilomita 4 au 5 kwa saa. Ikipita 8 inaanza kurukaruka, na kila mruko unaandikwa chini. Inama jua likiwa limeshuka, tazama uso wa barabara kwa urefu: mawimbi ya kukata njia yanaonekana wazi kwa vivuli vyake.

Ikiwezekana, ikague mashine kabla haijatoka. Chini ya bledi kuna bamba la chuma lililofungwa kwa bolti, ndilo linalokata. Weka jicho kwenye ncha yake moja. Likiwa limeliwa katikati, barabara itatoka na umbo hilo hilo, upende usipende. Bamba hilo hugeuzwa upande wa pili likichakaa. Mwenye mashine anayeliacha mpaka vichwa vya bolti visagike anaila bledi yenyewe, na mtu wa namna hiyo hatakuwa na huruma na barabara yako. Ishike ncha ya bledi uitikise. Ikicheza, hakuna mkono wa mwanadamu utakaoinyoosha.

Ndugu zetu walioko Montréal hututumia video za magari yenye bledi mbele yakisukuma theluji usiku, na huko hata greda hutumika kwa kazi hiyo. Ninayapenda sana magari yale. Bledi yake hufungwa springi ili ikigonga mfuniko wa chuma uliofichika iiname badala ya kuvunjika, kwa kuwa kazi yake ni kupangusa, si kukata. Chumvi hulainisha barafu, lakini baridi ikishuka sana, kama nyuzi 15 chini ya sifuri, nguvu yake hupungua mno, ndipo humwagwa mchanga ili tairi zipate kushika. Moramu tunayomwaga kwenye miteremko ya udongo ina kazi hiyo hiyo, na inachaguliwa kwa ukali ule ule: mawe yenye kingo, pamoja na udongo kidogo wa kuyagandisha. Kokoto za mviringo za mtoni hutawanyika chini ya tairi.

Hapa Kongo barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes tangu 1971, na FONER, mfuko wa matengenezo ya barabara ulioundwa 2008, hukusanya fedha za matengenezo kutoka kwenye mafuta na ushuru wa barabara. Kwa hiyo kila anayejaza tangi ana haki ya kubeba ubao wake na pimamaji. Lakini usiipime mashine peke yake. Uliza kama kuna barieri ya mvua ya kusimamisha malori, maana lori moja zito likipitishwa barabara ikiwa bado imelowa linaharibu kazi ya wiki. Uliza nani anazibua mitaro. Watu wale wenye jembe na beleshi nawaweka juu ya greda. Mashine inakuja mara moja kwa mwaka ikiwa tuna bahati, na mtaro huziba kwa usiku mmoja.

Mwisho, ufuate mtaro mpaka maji yanapotokea. Kama yanamwagikia shamba la muhogo la mtu, mwenye shamba ataziba tundu hilo kwa udongo kabla ya mwezi kuisha, na atakuwa na haki. Zungumza naye kabla ya kutia saini.