Kukawia Si Kutua

Nausifu ufundi wa kuandika programu za kompyuta zinazojua kutofautisha mfumo uliokwisha kutua na mfumo unaokawia njiani.

Chukua nambari moja inayobadilika kadiri muda unavyokwenda. Ili kupata kasi yake, izidishe nambari kwa yenyewe, kisha uongeze 0.0001. Ianzishe kwenye hasi 10, uiache ipande hadi 10. Safari nzima huchukua vizio 314 hivi vya muda, na kati ya hivyo, takriban 294 huishia kwenye kipande kidogo kutoka hasi 0.1 hadi 0.1. Kwenye skrini, mstari wa grafu ya nambari hiyo hulala kama mkeka uliotandikwa. Anayeutazama ataapa kuwa mambo yamekwisha, kisha atauona ukichomoka kwenda juu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ukiiondoa ile 0.0001, sifuri inakuwa kituo cha kweli: nambari ikifika hapo haiondoki tena. Ukiirudisha, kituo kinatoweka, lakini wanahisabati husema mzuka wake hubaki palepale, ukiwachelewesha wapitao. Tena, nyongeza hiyo ikipunguzwa mara 100, muda wa kukawia huongezeka mara 10.

Programu iliyoandikwa kwa pupa huuliza swali moja tu: je, kasi ni ndogo? Ikijibiwa ndiyo, hutangaza utulivu. Fundi mwenye subira huongeza swali la pili: je, hapa jirani kasi inaweza kushuka hadi sifuri? Mwaka 2013, David Sussillo na Omri Barak walieleza njia ya kulijibu walipokuwa wakichunguza mitandao ya neva bandia: tafuta mahali ambapo nusu ya kipeo cha pili cha kasi inafika chini kabisa. Ikigusa sifuri, hapo pana kituo. Ikikwama juu ya sifuri, mfumo unapita polepole tu. Katika mfano wetu inakwama, kwa kuwa kasi haishuki kamwe chini ya 0.0001, na kompyuta inayohesabu kwa tarakimu 15 huiona tofauti hiyo bila taabu.

Huo ndio uadilifu ninaoupenda: kukataa kusema "imefika" kabla ya kupima. Nawe msomaji, siku utakapooneshwa mstari ulionyooka ukaambiwa mambo yametulia, uliza kwanza kasi imeshuka hadi wapi.