Shamba la Mpangaji

Chombo cha kupandia ni kipande cha ardhi kilichotengwa na ardhi. Mmea wa shambani ukikosa maji juu huzamisha mizizi chini. Mvua ikizidi, udongo huyanywa maji na kuyapeleka mbali. Mmea wa ndani ya ndoo hauna pa kwenda. Kuhifadhi maji, kuyapitisha, kulisha mizizi na kuipoza, kazi ambazo ardhi huzifanya bila kuombwa, hapa zote ni za mkono wa mtu. Kilimo cha vyombo huonekana kama mchezo kando ya kilimo cha jembe, lakini kwa kila kilo ya udongo ndicho kinachodai ufundi mwingi zaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki ufundi huu haukuhitaji mboga ili uheshimiwe. Katika nyua za Lamu, Mombasa na Unguja, mrehani na asumini hukuzwa kwenye makopo ya samli na mafuta kwa ajili ya harufu tu. Mrehani huingia kwenye kikuba, asumini hutungwa, na anayevitunza hahesabu gharama ya maji.

Mboga zilikuja na msongamano wa miji. Kibera, jijini Nairobi, bustani za magunia zilienea baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pale shirika la Solidarités International la Ufaransa lilipowasaidia wakazi kuzianzisha. Gunia husimamishwa, kopo lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa mawe, kisha udongo hushindiliwa kidogo kulizunguka. Kopo huvutwa juu, hujazwa tena, na udongo tena, mpaka mawe yasimame kama nguzo ndani ya gunia. Ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupewa mche wa sukuma wiki au spinachi. Gunia moja hubeba miche 30 hadi 40 mahali ambapo mtu angeweka kiti kimoja. Maji yakimiminwa juu ya nguzo hufika hadi mizizi ya chini, ambayo bila mawe hayo ingekauka huku ya juu ikizama.

Dar es Salaam chombo kinachotawala ni ndoo ya rangi ya lita 20. Ni imara, ina mshikio, na kwa mafundi ujenzi hupatikana kwa bei ndogo au bure. Rangi iliyogandia ibanduliwe yote kabla ya kupanda, na dumu lililowahi kubeba dawa za wadudu lisitumike kabisa, hata likioshwa mara kumi. Chungu cha udongo hupumua na kupoza mizizi, lakini wakati wa kiangazi hukausha maji upesi. Kopo la bati huchemka juani. Ndoo nyeusi nayo huchemka. Ikiwa ndiyo iliyopo, ivikwe gunia au ifichwe nyuma ya nyingine. Matundu sita hadi manane kwenye kitako hutobolewa kwa msumari uliotiwa kwenye jiko la mkaa hadi ukawa mwekundu, na ndoo huinuliwa juu ya vipande vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu.

Kosa lililozoeleka ni kutandika kokoto chini ya udongo kwa imani kwamba maji yatatoka haraka. Hayatoki. Sponji ya kuoshea vyombo iliyolowa chepechepe ikilazwa bapa hudondosha matone kisha hutulia. Ikisimamishwa wima, maji mengine hutoka, kwa sababu safu ya maji imerefuka na uzito wake umeishinda sponji. Udongo una tabia hiyohiyo. Chini ya kila chombo hubaki tabaka lililojaa maji, na unene wake huamuliwa na aina ya udongo, wala si kimo cha chombo. Kokoto hulipandisha tabaka hilo karibu na mizizi, basi. Kwa hiyo beseni fupi huozesha mmea kwa udongo uleule ambao ndani ya ndoo ndefu ungeustawisha. Mawe ya gunia ni jambo jingine: hayo yamesimama tangu juu hadi chini, na kazi yake ni kufikisha maji.

Udongo wa uani ukitiwa peke yake hukaza kama tofali baada ya wiki chache za kumwagiwa. Mchanganyiko unaotegemewa ni sehemu mbili za udongo tifutifu wa juu, moja ya samadi na moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini una chumvi. Penye udongo wa kichanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, mchanga huachwa na mboji huongezwa. Samadi hupimwa kwa pua. Iliyoiva hunuka udongo ulionyeshewa. Inayonuka zizi bado, na itaunguza mizizi.

Mchicha hutosheka na kina cha sentimita 20, na karibu mwezi mmoja baada ya kusia huwa tayari kwa sufuria. Pilipili hutaka lita 10 au zaidi. Nyanya hupewa ndoo nzima peke yake, na mti wa kuegemea.

Umahiri wote huonekana kwenye maji. Anayeanza hutazama udongo wa juu, ambao hudanganya: hukauka saa moja baada ya jua kuchomoza ilhali chini kungali majimaji. Kidole kikizamishwa hadi pingili ya pili husema kweli zaidi. Aliyekwisha kuzoea huinamisha ndoo kwa mkono mmoja na kuusikia uzito wake. Majani yakilegea saa saba mchana, huenda ni jua tu. Yakilegea alfajiri, mmea una kiu, au mizizi imekwisha kuzama na kuoza, na dalili za mambo hayo mawili hufanana kiasi cha kuwafanya wengi wamwagilie maiti. Nyanya ndiyo mshitaki mkali kuliko yote. Leo ikikaushwa, kesho ikafurikishwa, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, nalo huoza kitako, jeusi na lililodidimia, mara nyingi likiwa bado bichi.

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na ndani ya ndoo chumvi hurundikana hadi ikaonekana kama ukoko mweupe. Masika yakija, ndoo huachwa zinyeshewe hadi maji yamiminike chini. Visahani vya kukinga maji vimwagwe kila mara: mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji machache kama hayo.

Kila umwagiliaji huondoka na sehemu ya chakula cha mmea. Hurudishwa kwa samadi iliyofungwa kwenye kiroba na kulowekwa pipani wiki mbili, kisha kuzimuliwa mpaka ifanane na chai nyepesi, na kumiminwa shinani, kamwe si juu ya majani yatakayoliwa. Vidukari, wanaokaa chini ya majani ya sukuma wiki, hupanguswa kwa vidole na maji ya sabuni. Mwarobaini husaidia. Hakuna dawa ya kuku wa jirani isipokuwa wavu, na maneno mazuri.

Sukuma wiki huchumwa kuanzia chini, majani manne au matano ya juu yakiachwa yaendelee na kazi. Udongo uliochoka hauna haja ya kutupwa: humwagwa kwenye turubai, mizizi huokotwa, jua huachiwa siku kadhaa, kisha samadi mpya huchanganywa. Nyanya haifuati nyanya katika ndoo ileile, kwa kuhofia minyoo fundo na mnyauko.

Mpangaji anapohama, bustani huhama naye. Siku moja kabla, ndoo hazimwagiliwi, ili ziwe nyepesi, maana kila lita ya maji ni kilo. Mrehani uliokwisha kuwa mti hukatwa vijiti na kutiwa kwenye glasi ya maji, na jirani anayebakia uani hugawiwa vyake. Kwenye mkokoteni ndoo hupakiwa mwisho, ili zishushwe kwanza.