Vikombe Tisa vya Mboga na Kisu cha Mama Mboga

Vitabu vya lishe kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi vina mtindo wake, kama vile riwaya za upelelezi zilivyo na wake. Daktari anaugua. Miguu inaanza kukataa, kiti cha magurudumu kinamngoja au tayari amekikalia. Anarudi kwenye tafiti, anasoma usiku kucha, anabadilisha kilicho kwenye sahani yake, na kurasa chache baadaye tunamwona akitembea, au akiendesha baiskeli. Kinachobaki ni sheria na mapishi.

Mwaka huu nimesoma vitatu vya aina hiyo, hapa Umoja, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nimevisoma kama mhakiki, lakini sitajifanya sina upande. Mimi mwenyewe nina MS, na ndiyo iliyonitoa chuoni nikiwa mwaka wa tatu. Kwa hivyo swali langu ni la jikoni na la fasihi kwa pamoja: vitabu hivi vinamwandikia nani, na mtu wa Eastlands akivifungua anapata nini cha kutia sufuriani?

Kwa asiyeujua ugonjwa wenyewe: kinga ya mwili inageuka na kushambulia mayelini, ule utando unaofunika neva kama plastiki inavyofunika waya wa stima. Plastiki ikichubuka, ujumbe unachelewa au haufiki kabisa. Mmoja anapoteza jicho kwa wiki kadhaa, mwingine anapata ganzi kiunoni kushuka chini, na karibu wote wanajua ule uchovu ambao kulala hakuuondoi. Watu kama milioni 2.9 duniani wanaishi nao. Karibu na ikweta ni nadra zaidi, na unadra huo ni adhabu ya aina yake, maana mtu atatafutiwa malaria, presha, msongo wa mawazo, hata mapepo, kabla yeyote hajataja jina lenyewe. Nami nilipitishwa njia hiyo.

Tuanze na mzee wao. Roy Swank, daktari wa neva, aliona kwamba huko Norway watu wa pwani waliokula samaki walipata MS kidogo kuliko wakulima wa bara waliokula siagi na nyama. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa Montreal, alianza kuwalisha wagonjwa wake chakula chenye mafuta kidogo sana ya wanyama, akawafuatilia kwa miaka 34. Matokeo ya wagonjwa 144 yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1990: walioshika sheria walidhoofika kidogo kuliko walioiacha, na vifo vyao vilikuwa vichache. Kitabu chake, The Multiple Sclerosis Diet Book, ni kikavu kama karatasi ya hesabu, na ukavu huo ndio uzuri wake. Hakuna machozi, ni gramu tu. Udhaifu wake uko kwenye utafiti wenyewe: hakukuwa na kundi la kulinganisha lililogawanywa kwa kura. Huenda aliyeweza kuishika diet kwa miaka 34 ni yule ambaye ugonjwa wake haukuwa mkali tangu mwanzo.

George Jelinek, daktari wa dharura kutoka Australia, aligunduliwa na MS mwaka 1999. Mama yake naye aliugua ugonjwa huohuo. Overcoming Multiple Sclerosis inaendeleza kazi ya Swank: mimea, samaki, mafuta ya mbegu za kitani, jua, mazoezi, kutafakari. Kati ya hao watatu, yeye ndiye mwandishi mwenye sauti tulivu zaidi, na ana jambo moja ninaloliheshimu: dawa ziko ndani ya mpango wake. Hakuambii uchague kati ya sindano na sukuma.

Lakini nasita kwenye jina la kitabu. "Overcoming" kwa Kiswahili ni kushinda, na kushinda kwetu kuna maana mbili. Unashinda mechi, lakini pia unashinda njaa, unashinda kwenye foleni ya hospitali, na jioni jirani anakuuliza, "Umeshindaje?" Jelinek ameandika kuhusu kushinda kwa maana ya kwanza. Mgonjwa wa ugonjwa usiopona anaishi zaidi ndani ya ile ya pili: hashindi ugonjwa, anashinda nao. Na mboga tunayokula zaidi inalijua hilo kuliko kitabu, maana iliitwa sukuma wiki. Haiahidi ushindi wowote. Inakufikisha Jumapili.

Wa tatu ndiye maarufu zaidi, na ndiye anayenikera na kunisaidia zaidi. Terry Wahls ni daktari na profesa katika Chuo Kikuu cha Iowa. Aligunduliwa mwaka 2000, na katika miaka michache akawa kwenye kiti cha magurudumu. Akabuni lishe ya kulisha mitokondria, na ndani ya mwaka mmoja akawa anaendesha baiskeli. Hotuba yake ya mwaka 2011 imetazamwa na mamilioni, kisha kitabu, The Wahls Protocol, kikatoka mwaka 2014. Sheria yake kuu ni vikombe tisa vya mboga na matunda kila siku: vitatu vya majani ya kijani, vitatu vya vyenye salfa kama kabichi, vitunguu na uyoga, na vitatu vya vyenye rangi kali kama karoti na bitiruti.

Nilipoisoma orodha ya majani nilicheka. Kale? Hiyo ni ndugu ya sukuma, na hapa tunaikuta kila kona. Ongeza managu, terere, saga, kunde na mrenda, na unayo meza ambayo Iowa ingeionea wivu. Chakula ambacho shuleni kilikuwa ishara ya nyumba isiyo na nyama kimerudi kwetu kama dawa ya kigeni. Na si lazima tungoje Wahls atuambie. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia maisha yake ya kazi kutafiti mboga za kienyeji, wakati zilipoitwa magugu na chakula cha maskini. Naye hakuanzia maabara: utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, kwa hivyo mboga ndizo zilizomlea. Hadithi yake ina kila kitu ambacho mtindo huu unakipenda, mwili uliokataa chakula na majani yaliyouokoa, ila hakuifanya kuwa hadithi ya muujiza. Aliifanya kuwa mbegu, kilimo na takwimu.

Kero inaanza ukiendelea kusoma. Hatua za juu za mfumo wa Wahls zinapunguza nafaka na jamii ya kunde, kisha zinaziondoa kabisa. Hapo ugali umekwenda, githeri imekwenda, ndengu zimekwenda. Badala yake kuna nyama ya ng'ombe aliyekula nyasi, mafuta ya nazi, mwani. (Maini anayaruhusu, hata anayahimiza. Watu wa matumbo na maini tushukuru.) Ukimtoa mtu wa Kayole nafaka na maharagwe, hujambadilishia lishe. Umemwachia njaa na kabichi.

Na je, sayansi inalazimisha hivyo? Mwaka 2016 watafiti wa Oregon walichapisha jaribio la wagonjwa 61, wakigawanywa kwa kura. Kundi moja lilikula kwa mwaka mzima lishe ya mimea yenye mafuta kidogo, iliyojengwa juu ya viazi, mchele, mahindi na maharagwe, yaani karibu githeri yenyewe. Picha za ubongo za MRI hazikuonyesha tofauti, wala idadi ya mashambulizi. Lakini uchovu ulipungua, na kolesteroli pia. Mwaka 2021 Wahls na wenzake walilinganisha lishe yake na ya Swank. Uchovu ulipungua kwa makundi yote mawili, ingawa hakukuwa na kundi la tatu lililoendelea kula kama kawaida. Kwa hivyo anayekataza nafaka anapunguza uchovu, na anayezipikia sufuria nzima anapunguza uchovu. Wanachokubaliana ni mboga nyingi na chakula kidogo cha kiwandani. Hilo si dogo. Mwenye MS akikuambia uchovu umepungua, amekuambia amepanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kukaa chini mara mbili. Lakini huko si kupona, na mtindo wa hadithi ya daktari na baiskeli unatufanya tusikie kupona.

Hapa ndipo umbo la hadithi linapokuwa hatari. Wahls mwenyewe anaandika kwamba alifanya mazoezi na kutumia mashine ya umeme kuamsha misuli, lakini ukimaliza kitabu unachokumbuka ni mboga. Na kama mboga zilimwinua yeye, basi mimi nisiyeinuka nimekula nini kibaya? Nimesikia swali hilo kutoka kwa watu wanaonipenda. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirama na rituksimabu. Dawa hizo ndizo zinazoweza kupunguza mashambulizi. Kumwambia mgonjwa aliyekosa pesa ya dawa kwamba majani yanatosha ni rahisi, kwa sababu majani yako hapo nje. Kila anayefadhaishwa na bei ya dawa, pamoja na wanaopaswa kuilipa, anaipenda hadithi hiyo.

Lakini shimo kubwa zaidi katika vitabu vyote vitatu ni dogo kwa kulitazama: nani anakata? Vikombe tisa vya mboga ni mlima wa kuosha, kuchambua na kukatakata, kila siku, kwa mtu ambaye vidole vina ganzi na ambaye joto humzidishia dalili. Kwenye chumba chenye paa la mabati, jiko likiwaka, mimi huanza kuona ukungu kabla kitunguu hakijaiva. Wahls na Jelinek wanaizungumzia kazi hii kama nia: panga, jitoe, jiamini. Jikoni mwao kuna nafasi, na mara nyingi kuna mtu mwingine.

Eastlands ina jibu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria. Mama mboga. Kuanzia saa kumi jioni, kuanzia Mutindwa hadi Kayole, yuko kando ya barabara na kisu chake, anakunja majani ya sukuma kama sigara nene na kuyakata nyembamba bila kuangalia mkono. "Nikukatie, mtoto wangu?" Sukuma ya ishirini, managu yaliyokwisha kuchambuliwa, kabichi nusu. Hatua chache mbele yuko anayeuza maharagwe na githeri iliyochemshwa tayari, ya kupima kwa kikombe, gesi yako ikabaki. Siku ambazo mkono wangu wa kulia haushiki, hicho kisu ndicho lishe yangu. Yeye aliamka alfajiri kwenda Marikiti, akabeba gunia, akakaa juani mchana kutwa. Nguvu ambazo mimi sina nazinunua kwake kwa bei ambayo, tukisema ukweli, haimtoshi.

Tusimpambe pia. Mboga za mji huu zina yao. Watafiti wamepata madini mazito, risasi ikiwemo, katika mboga zilizokuzwa kwa maji machafu ya mito ya Nairobi. Mwaka 2007 ripoti ya UNEP kuhusu jaa la Dandora ilionyesha kwamba nusu ya watoto 328 waliopimwa walikuwa na risasi kupita kiwango kinachokubalika katika damu. Risasi hudhuru neva. Kwa hivyo mimi huuliza mboga imetoka wapi, na mama mboga wangu hajawahi kuchukizwa na swali hilo. Kitabu cha lishe ya neva ambacho hakina sura kuhusu mto hakijaandikiwa mji huu.

Fasihi yetu inaweza kukiandika kinachokosekana. Tulipoandika UKIMWI, katika Chira ya Marjorie Oludhe Macgoye au Ua la Faraja ya William Mkufya, hatukuandika daktari shujaa na sahani yake. Tuliandika ugonjwa ukipita ndani ya nyumba, ndoa na mtaa. MS inahitaji ukurasa wa aina hiyo, wenye nesi, wenye fundi wa stima anayeficha kutetemeka kwake, na wenye bei ya omena sokoni.

Hadi hapo, ushauri wangu kwa mwenye ugonjwa huu ni huu. Soma Swank ukitaka hesabu bila kelele. Soma Jelinek uone daktari anayeweka dawa na mboga kwenye ukurasa mmoja. Kwa Wahls, chukua orodha ya majani, mpe mama mboga wako, na uache baiskeli ndani ya kitabu. Kula githeri yako. Na kama kuna dawa unayoweza kuipata, usiiache kwa sababu ya hadithi ya mtu aliyesimama.