Mwenyeji wa Hanang

Nina ugonjwa mmoja: nasoma sana orodha za "vivutio usivyovijua". Nimesoma za Ureno, za Slovenia, za visiwa vya Ugiriki ambavyo sijui kama nitavikanyaga maishani. Sasa zimefika kwetu. Mtu anayeandika kuhusu Kaskazini ya Tanzania siku hizi anakushauri uachane na foleni ya magari ya Ngorongoro, ushike barabara ya Babati, uende Hanang na Mbulu. Ushauri mzuri huo, na mimi nauunga mkono. Lakini nimezisoma hizi orodha kwa jicho la msomaji wa fasihi, na kuna neno moja ndani yake linanisumbua.

Kwanza niseme zilivyo. Karibu zote zinafuata mkondo uleule. Mlima Hanang, mita 3,420 na ushee, unaupandia Katesh. Ziwa Balangida na chumvi yake. Ziwa Basotu, maji baridi ndani ya shimo la volkano. Halafu unapanda Mbulu: Ziwa Tlawi, mashamba ya milimani kule Irqwa Da'aw, na mwisho unateremka Yaeda Chini kwa Wahadzabe. Kila kituo sentensi nne tano, na ya mwisho, bila kukosa, inawasifu "wenyeji wakarimu".

Kulalamikia neno "usivyovijua" ni rahisi mno. Hajui nani? Abiria yeyote wa basi la Singida ameuona Hanang mpaka umemchosha. Basi, hilo tuliache. Mimi nagombana na "wenyeji".

Wasafiri wa zamani waliosimulia kwa Kiswahili hawakulitumia neno hilo kirahisi hivyo. Chukua Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Mjerumani Carl Velten na kuchapwa 1901. Ndani yake yumo Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia alivyoingia bara na msafara wa biashara. Si msimulizi mpole, na mambo mengine anayoyasema yanachukiza kuyasoma leo. Lakini kila anapofika unajua nchi ni ya nani, kwa sababu ilimpasa kutoa hongo ndipo apite. Kwake mwenyeji ni mtu mwenye mamlaka ya kukuzuia njiani. Katika orodha zetu, mwenyeji ni mtu anayetabasamu.

Twende Basotu sasa, maana hapo ndipo tofauti hiyo inapouma. Orodha zinapenda mashamba ya ngano ya Hanang: tambarare ya dhahabu, mlima nyuma, picha safi kabisa. Mashamba hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukua katika miaka ya 1970 chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada mkubwa wa Kanada, hadi yakafikia karibu ekari 100,000. Kabla ya trekta palikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho yao bora ya masika. Na hapakuwa malisho tu. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima akifa, maziko yake huchukua miezi, na juu ya kaburi hunyanyuliwa kichuguu kirefu cha udongo, bung'eda, ambacho vizazi hukirudia. Wabarabaig walilalamika kwamba makaburi hayo yalilimwa pamoja na nyasi. Charles Lane ameyaandika haya kwa urefu katika Pastures Lost (1996). Yaani kivutio kikubwa kuliko vyote Basotu hukioni, kimegeuzwa ngano.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na hukumu ya Mahakama ya Rufani imo katika ripoti za sheria za mwaka 1985. Halmashauri ya kijiji, ikasema Mahakama, haikuonyesha kwamba ilikuwa imegawiwa ile ardhi kwa utaratibu wa kisheria. Na wale wanakijiji mmojammoja hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji. Nimetafsiri: neno lenyewe lilitoka katika sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1923, na unaweza pia kusema "wazawa". Wafugaji wa Hanang, chini ya mlima wa Hanang, hawakuleta ushahidi kwamba ni watu wa hapo kwa maana ya sheria.

Nikiambiwa nichague maandishi mamoja ya kumpa msafiri anayekwenda Hanang, nitampa hukumu hiyo kabla ya orodha yoyote. Ni kavu, lugha yake ni ya wanasheria, haina machweo. Ila ukiisoma, "wenyeji wakarimu" haisomeki tena kama zamani. Mwandishi wa orodha anaugawa uenyeji bure, kwa maneno tu, kwa watu ambao walipouhitaji kweli, mbele ya majaji, hawakuupata.

Yaeda Chini mambo ni kinyume, na orodha zinakosea kwa upande wa pili. Zinakuonyesha Mhadzabe na upinde wake kana kwamba saa ilisimama. Haziandiki kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hilo walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa sehemu ya ardhi yao. Mtu mwenye hati mkononi haingii vizuri kwenye picha ya mtu wa kale, nadhani ndiyo maana.

Wairaqw nao, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, wanapewa hadithi ya kutoka Iraki. Hata huko kwenyewe utaisikia. Lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa lugha za Pembe ya Afrika, na Ole Bjørn Rekdal aliandika mwaka 1998 jinsi dhana ya wageni wachache ilivyogeuka kuwa asili ya kabila zima. Orodha inaihitaji hadithi hiyo kwa sababu ni fupi.

Sitaki kuwa mkatili. Orodha inakwambia ubebe maji kiasi gani na gari unapandia wapi, na mara nyingi insha zetu za kifasihi hazina msaada huo. Lakini tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Hanang uliporomoka, tope na mawe na magogo yakashuka Gendabi na Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nimesoma orodha zilizoandikwa baada ya siku ile. Katesh bado ni "mji mdogo tulivu chini ya mlima". Mwandishi anakuelekeza njia ya kupandia, anakutajia saa ya kuanza, anakuahidi kwamba kileleni utakuwa peke yako.

Ningependa kusoma moja tu inayoanzia Mulbadaw. Sentensi nne tano zingetosha, na iseme pia nauli.